Muuguzi Anajibu: "Presha yangu ni ya mawazo tu"

Barua nyingi za mwezi huu zimegonga mahali pamoja: presha na mawazo. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa, na yale yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nimekuwa kliniki ya presha miaka mingi, na maneno ninayoyasikia kuliko yote, mgonjwa akiwa kitini na mkono umeshafungwa mkanda wa mashine, ni haya: "Mawazo tu haya muuguzi, yakiisha itashuka yenyewe." Ukweli upo ndani yake. Hatari nayo ipo, na imeshaondoka na watu niliowahudumia kwa mikono yangu. Kwa hiyo leo sitazunguka.

Shikamoo muuguzi. Nina miaka 46, ni mwalimu. Mume wangu alifariki mwaka jana na tangu hapo usingizi hauji. Nilipopimwa niliambiwa presha ni 164 kwa 102, nikapewa amlodipini. Ndugu wananiambia ni mawazo ya msiba, nisijizoeze dawa za maisha. Huwa nameza kichwa kikiuma tu. Nikipunguza mawazo, si nitapona?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mwaka mmoja si mwingi kwa aliyezika mwenzake, kwa hiyo sitakwambia "punguza mawazo" kana kwamba ni kitu unachokishika kwa kupenda.

Nianze na dawa kwa sababu ndiyo ya haraka. Amlodipini si dawa ya kichwa. Humezwa kila siku, saa ileile, na inahitaji wiki moja hivi ya kumeza mfululizo ndipo nguvu yake ikamilike. Ukimeza leo kwa ajili ya kichwa na kesho ukaacha, unabeba usumbufu wa dawa bila kupata faida yake. Halafu kichwa chenyewe ni shahidi wa kutoaminiwa. Watu wengi wenye 170 hawasikii chochote, na mtu asiyelala kichwa humuuma hata presha ikiwa 120.

Sasa tuje kwenye hayo mawazo. Mtu akishtuka, akiogopa au akikasirika, mishipa ya fahamu huchangamka na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio na kupiga kwa nguvu, mishipa midogo ya damu hujibana, na figo hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo mwisho wake ni mwili kushikilia chumvi na maji. Presha lazima ipande. Jambo likipita, hushuka. Hiyo ni kawaida ya kila binadamu, mgonjwa na mzima.

Shida huanza pale jambo lisipopita. Usiku, mtu akilala vizuri, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 na mishipa hupumzika. Wewe hulali, kwa hiyo pumziko hilo hulipati. Huzuni nayo haiji peke yake. Mtu huacha kutembea, hula ovyo au hali kabisa, mwingine huanza pombe, na dawa husahaulika. Kwa njia hizo mawazo yanachangia presha, tena sana, na anayesema hayachangii hajakaa na wagonjwa.

Ila presha ina wazazi wengi: umri, urithi wa ukoo, uzito, chumvi, pombe, figo. Huenda yako ilianza kabla ya msiba na hakuna aliyekupima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima bilioni 1.28 wenye miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha, na asilimia 46 kati yao hawakuwa wakijijua.

Kuna mama mmoja pale kliniki aliyekuwa na msimamo kama wa ndugu zako. Nilimpa daftari aandike presha kila siku, na pembeni aandike siku ilikuwaje. Aliporudi tukalifungua pamoja. Penye 158 kwa 97 ameandika "nimekosana na mwanangu". Akaniangalia kwa ushindi. Nikamshusha mstari mmoja chini kwa kidole: 151 kwa 94, "siku nzuri, nimecheka sana". Tukaendelea kushuka. Siku za ugomvi zilikuwa juu, siku za furaha nazo zilikuwa juu, zikipishana kwa tarakimu chache. Ugomvi ulikuwa unaongeza kidogo juu ya kitu ambacho tayari kilikuwepo. Alinyamaza, akaomba nimwandikie dawa upya. Nawe fanya hivyo hivyo: pima, andika, na umeze kila siku huku ukiandika.

Mshipa ukipasuka kwenye ubongo haujali kama presha ilitokana na msiba au chumvi. Kiharusi ni kilekile.

Baada ya hapo shughulikia huzuni kama ugonjwa unaojitegemea. Nikuulize maswali mawili tunayoyauliza kliniki. Katika wiki mbili zilizopita, siku nyingi umejisikia mnyonge, umekata tamaa? Na mambo uliyokuwa ukiyapenda, siku nyingi umekosa hamu nayo? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo, mwambie daktari uchunguzwe sonona. Inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote. Ukipewa dawa ya sonona taja kwamba una presha, maana baadhi, kama venlafaksini, huweza kuipandisha hasa dozi ikiwa kubwa, na zipo nyingine zisizo na shida hiyo. Na likikujia wazo kwamba ni heri nawe ungekufa, usilale nalo. Mwambie mtu leo, na uende hospitali.

Muuguzi habari. Mimi kijana wa miaka 29. Hospitali nilipimwa nikawa 152 kwa 96, nikaogopa nikanunua mashine. Asubuhi inasoma 122 kwa 78. Usiku moyo unaanza kwenda mbio, nakosa pumzi, napima: 141. Narudia: 149. Narudia: 156. Wakati mwingine napima hadi usiku wa manane. Nitakufa usingizini?

Mwanangu, soma mwenyewe ulivyoandika: 141, 149, 156. Ulichokuwa unakipima ni hofu ya kupima. Kila namba inakutisha, adrenalini inamwagika, na namba inayofuata inapanda.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1983 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa waliolazwa, wakiwa na chombo kinachosoma presha mfululizo ndani ya mshipa wenyewe. Daktari alipoingia tu na kuanza kupima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa 27 na ya chini kwa 15, kilele kikiwa ndani ya dakika nne za mwanzo, kisha zikaanza kushuka. Hakuna aliyewafokea, hakuna aliyewachoma sindano. Ni ujio wa daktari tu.

Kwa hiyo 152 ya hospitali peke yake haitoshi kukuita mgonjwa, na 156 ya usiku wa manane haitoshi kabisa. Inayotosha ni presha ya siku 7, ikipimwa kwa utaratibu. Asubuhi kabla hujala na jioni kabla hujala. Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla usinywe chenye kafeini, usivute sigara, usifanye mazoezi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu usiikunje nne. Mkanda ufungwe juu ya ngozi na si juu ya shati, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Tulia dakika tano bila simu na bila kuzungumza, maana mazungumzo peke yake hupandisha. Pima mara mbili ukipisha dakika moja. Andika zote mbili, halafu mashine iingie kabatini hadi kipindi kinachofuata. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani. Ukiwa chini ya 135 kwa 85, presha yako ya nyumbani ni nzuri.

Angalia na mkanda wenyewe. Vijana wenye misuli au unene wa mkono hupimwa kwa mkanda mdogo, nao hutoa namba kubwa ya uongo. Kipimo cha mkono kimeandikwa kwenye mkanda. Nimeona watu wakianzishiwa dawa kwa sababu ya kitambaa hicho, na inaniuma kila ninapokumbuka.

Wasiwasi wako lakini siuiti uongo. Moyo kwenda mbio, pumzi kukatika, kujiona unakufa, kisha baada ya dakika chache kutulia, hilo huitwa shambulio la hofu na ni maradhi halali yenye tiba yake. Daktari akupime moyo na tezi ya shingoni, kwa sababu tezi ikizidi kazi huleta dalili hizo hizo. Vikiwa salama, omba uonane na mtaalamu wa afya ya akili. Wakati linakupata, pumua polepole, pumzi sita hivi kwa dakika, ukitoa hewa kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Mashine usiiguse.

Presha yako pima tena kila mwaka. Wanaopanda hospitali tu, baadhi yao baadaye hupanda na nyumbani.

Shikamoo. Mimi ni mzee wa miaka 58. Tangu nianzishiwe atenololi sina nguvu, sina raha, naota ndoto za ajabu, na mambo ya chumbani yamekwisha. Rafiki yangu ameniambia dawa za presha huleta ugonjwa wa akili. Nataka kuacha.

Marahaba kaka. Usiache ghafla. Hiyo ndiyo ya kwanza, kwa sababu atenololi na jamii yake zikikatwa kwa siku moja moyo unaweza kurudi na kasi kubwa, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata mshtuko wa moyo. Hupunguzwa taratibu kwa siku kadhaa au wiki, daktari akiangalia.

Rafiki yako hajatunga. Kwa miongo mingi madaktari wenyewe waliamini kwamba dawa hizi huleta sonona. Mwaka 2021 yakachapishwa mapitio ya majaribio zaidi ya 200 yenye washiriki zaidi ya 50,000, na waliomeza dawa hizo hawakupata sonona zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kilichobaki ni uchovu, na matatizo ya usingizi pamoja na ndoto zisizo za kawaida. Kwa hiyo uchovu wako na ndoto zako huenda ni dawa kweli. Kukosa raha, hapo nataka uulizwe zaidi.

Kwa umri wako, mwanamume akiniambia hana raha, mara nyingi hatumii neno huzuni. Husema mwili mzito, mgongo unauma, sina hamu ya kukaa na watu. Anakuwa mkali kwa watoto. Je, ulianza kujisikia hivi kabla ya kidonge? Kuna jambo limetokea, kazi imekwisha, deni, ugomvi nyumbani? Mkeo anasema unakoroma na pumzi inasimama usiku? Hilo la mwisho lina uzito: kusimama kwa pumzi usingizini hupandisha presha, humwamsha mtu akiwa amechoka, na humfanya aonekane mwenye sonona.

Na hilo la chumbani nimefurahi umeliandika. Wanaume wengi hawalitamki, wanaacha dawa kimyakimya, halafu tunakutana nao wodini mdomo umepinda upande mmoja. Presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mishipa hiyo hiyo, sonona nayo huua hamu, na dawa inaweza kuchangia. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Jamii za dawa za presha ziko kadhaa, na kubadilishiwa ni haki yako.

Dada, kaka yangu ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno, anatumia dawa yake ya lithiamu miaka mingi na ametulia. Mwezi uliopita kliniki nyingine walimkuta na presha, wakampa haidroklorothiazaidi. Sasa mikono inatetemeka sana, anatapika, anayumba akitembea, na maneno hayatoki vizuri. Tunadhani ugonjwa wa akili umerudi.

Barua hii sikuisubirisha gazeti. Nilimpigia dada huyu siku ileile, wakaenda hospitali, damu ikapimwa, lithiamu ikakutwa juu kupita kiasi. Naichapa kwa ajili ya familia nyingine.

Haidroklorothiazaidi ni dawa ya kukojosha. Inapotoa chumvi mwilini, figo hujibu kwa kuishikilia lithiamu, nayo hujilimbikiza hadi inakuwa sumu. Dawa za presha kama enalaprili, kaptoprili na losatani zinaweza kufanya hivyo, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki pia, hizi ambazo watu hujinunulia bila kuuliza. Kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba, ulimi mzito, kuchanganyikiwa: mtu wa lithiamu akipata hayo asisubiri kesho, na dozi inayofuata isimezwe kabla hajaonekana hospitali. Hii haimaanishi kwamba mtu wa lithiamu asitibiwe presha. Zipo dawa kama amlodipini ambazo kwa kawaida haziipandishi, na pale inapobidi kutumia hizo nyingine damu hupimwa mara kwa mara.

Kinachonikera katika habari hii ni kliniki mbili kumtibu mtu mmoja bila kuulizana. Wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni moyo na mishipa, si hayo maradhi ya akili. Baadhi ya dawa zao huongeza uzito na sukari. Wakilalamika kifua wanaambiwa ni akili. Ndugu, andikeni dawa zote za mgonjwa wenu kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo iwekwe mezani mbele ya kila daktari kabla hajashika kalamu.

Muuguzi, baba yetu ana miaka 71 na presha ya muda mrefu. Mdogo wake amefariki jana. Wajomba wanasema tumfiche mpaka mazishi yapite, presha isije ikampanda. Mimi ninaona si haki. Tufanyeje?

Poleni sana. Uamuzi ni wa familia, ila mimi nisingemficha.

Hofu ya wajomba ina msingi. Hatari ya mshtuko wa moyo hupanda siku za mwanzo baada ya kufiwa, hasa kwa mtu mwenye moyo au mishipa mibovu tayari. Kuna hata ugonjwa uliotambuliwa kwanza na madaktari wa Japani, wa moyo kudhoofika ghafla baada ya huzuni kubwa, unaowapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona. Lakini kumficha hakuiondoi siku ya kujua, kunaisogeza tu. Na mzee wa miaka 71 akigundua kwamba mdogo wake amezikwa na nyumba nzima ilijua, atakuwa na huzuni, na hasira juu ya huzuni hiyo, na hatakuwa na mazishi ya kumsaidia kulia.

Zaidi ya hapo, kinachowaangusha wazee msibani mara nyingi ni yale yanayofuata habari: kukesha, kutokula, kutokunywa maji, na vidonge kusahaulika siku mbili tatu katikati ya wageni. Hayo mnaweza kuyazuia.

Kwa hiyo hakikisheni amemeza dawa za leo. Aambiwe na mtu anayemwamini, ana kwa ana, baba akiwa ameketi, kwa maneno ya moja kwa moja, bila kumzungusha hadi akisie mwenyewe. Akitaka kulia alie, msimwambie "usilie presha itapanda". Msimkimbilie na mashine dakika ile, mtajitisha bure. Mpimeni baada ya saa moja au mbili akiwa ametulia. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, mpumzisheni na mrudie kupima. Ikibaki hapo hata kama hasikii chochote, daktari apigiwe siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua, pumzi kubana, mkono au mguu kulegea upande mmoja, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au macho kuona giza ni hospitali papo hapo, presha iwe ngapi iwayo. Vidonge msimwongezee kwa kukisia. Kuishusha ghafla nako kuna madhara yake.

Mteueni mjukuu mmoja, kazi yake msiba wote iwe dawa za babu, maji yake na mahali pa kulala. Na kama mazishi ni ya safari, mwacheni aende, vidonge vya siku zote vikae kwenye mkoba anaoushika mkononi, si kwenye begi la kupakiwa.